Utu, Rushwa na Uhalifu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mjadala wa rushwa na uhalifu unapogusa utu. Mengine huulizwa kwa udadisi, mengine kwa hasira, na ya hasira mara nyingi ndiyo yenye uzito. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Mnaposema binadamu wamefungamana, mnamaanisha nini? Hii si dini kwa jina jingine?

Maana yake ni ya kawaida kuliko inavyosikika. Ni kule kujua, moyoni na siyo kichwani tu, kwamba ninachofanya hapa kinamfikia mtu mahali fulani, na kwamba mtu huyo anaumia kama ninavyoumia mimi. Kiswahili kina neno lake la siku zote: utu. Tukisema fulani hana utu hatumaanishi kwamba yeye si binadamu. Tunamaanisha anatenda kana kwamba wengine si binadamu. "Mtu ni watu" ni jambo hilohilo kwa maneno matatu.

Dini nyingi hufundisha hivyo, na anayeufikia utu kwa njia ya imani hana haja ya kutafuta njia nyingine. Lakini hoja iliyopo hapa haidai imani yoyote. Dawa iliyoibwa bohari inakosekana wodini, awe anaamini au haamini yule aliyeiiba.

2. Rushwa si suala la pesa? Utu unaingiaje?

Rushwa ina watu watatu, ila mezani wanakaa wawili. Anayetoa yupo, anayepokea yupo, na wote huondoka wameridhika. Wa tatu ndiye anayelipa: aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, atakayepita juu ya daraja lililopunjwa saruji, mzazi ambaye mtoto wake alifaulu lakini nafasi akapewa mwingine. Hayupo chumbani. Hana jina wala sura kwa hao wawili.

Ndiyo maana mtu mwema kabisa nyumbani kwake anaweza kula rushwa na usiku akalala fofofo. Hajamwona aliyemdhuru. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwa mtu huyo wa tatu, na namna ya kumleta mezani.

3. Uhalifu unaletwa na umaskini. Mtu mwenye njaa utamhubiria utu?

Njaa inamweleza aliyeiba unga. Haimwelezi aliyeiba bajeti ya barabara, maana huyo alikuwa ameshiba siku nyingi. Mshahara duni unaweza kueleza hongo ndogondogo, na hakuna maneno matamu ya utu yanayoweza kuziba nafasi ya mshahara.

Hata hivyo, pesa peke yake nayo haikamilishi kazi. Jijini Monrovia, Liberia, watafiti waliwagawa wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, dawa za kulevya na ugomvi. Baadhi walipewa dola 200 za Marekani, baadhi wakapitia mafunzo ya wiki 8, baadhi wakapata vyote viwili, na wengine hawakupata kitu. Mafunzo hayo yalihusu kujizuia na kujiona kama mwanajamii: kunyoa, kubadili mavazi, kuingia benki na madukani na kuzungumza na watu waliozoea kuwaogopa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba pesa tupu haikuacha alama ya kudumu. Waliopata mafunzo pamoja na pesa, mwaka mmoja baadaye uhalifu wao ulikuwa umepungua kwa karibu nusu, na walipofuatiliwa baada ya miaka 10 tofauti ilikuwa bado ipo.

Kwangu mimi la kuzingatia hapo ni ule mlango wa benki. Mtu aliyezoea kufukuzwa kila mahali aliingia, akasalimiwa, akatoka bila kufukuzwa.

4. Si kweli kwamba binadamu kwa asili ni mbinafsi?

Ni mbinafsi, lakini si kwa namna tunayoidhania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulitumia pochi zaidi ya 17,000 katika miji 355 ya nchi 40. Mtafiti alijifanya ameiokota pochi nje, akamkabidhi mfanyakazi wa mapokezi wa benki, hoteli au ofisi ya umma, akaondoka. Ndani yake kulikuwa na kadi zenye jina na barua pepe ya mwenyewe, orodha ya manunuzi, na ufunguo. Zisizokuwa na pesa, 40% ya waliopokea walimtafuta mwenyewe. Zenye pesa kidogo, 51%. Katika nchi tatu zilijaribiwa pochi zenye karibu dola 94, na huko waliomtafuta mwenyewe wakafika 72%. Hata wachumi waliotakiwa kubashiri matokeo walikosea.

Jambo la ufunguo ndilo zuri zaidi. Ufunguo haumfaidii aliyeokota, unamfaa mwenyewe tu, na pochi zenye ufunguo zilirudishwa zaidi ya zile zisizo nao. Maana yake kuna mtu fulani, mwenye jina na mlango wake, aliyeingia akilini mwa yule mfanyakazi.

Sasa linganisha na mali ya umma. Haina kadi ya jina wala ufunguo, na ndipo lugha yetu inapoiita shamba la bibi.

## Undugu unapogeuka

5. Mbona jamii zinazosifika kwa undugu nazo zimejaa rushwa?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa, na wanaohubiri upendo wa jumla huliruka. Rushwa haizaliwi na ukosefu wa undugu. Mara nyingi inazaliwa na undugu wenyewe, ila ule unaoishia karibu.

Mtazame afisa anayempa mpwa wake ajira. Hajifikirii yeye. Anamfikiria dada aliyemsomesha, anafikiria watakavyomtazama kwenye msiba ujao akimnyima. Kwake huo si wizi, ni kulipa deni. Mwaka 1975 mwanazuoni wa Nigeria, Peter Ekeh, aliandika kwamba ukoloni uliacha Afrika na umma wa aina mbili. Mmoja ni wa ukoo na asili, ambako mtu ana wajibu na hutoa bila kuhesabu. Wa pili ni wa dola, uliokuja na kodi na kiboko. Huo hauna mwenyewe, na anayechota humo akapeleka kwa ule wa kwanza hupokelewa kwa vigelegele. Anayesema "kila mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake" anazungumzia umma wa pili. Hawezi kuthubutu kuusema msemo huo mbele ya sanduku la rambirambi.

Wala si Afrika tu. Miaka ya 1950 Mmarekani Edward Banfield aliishi katika mji mdogo wa kusini mwa Italia, akakuta wazazi wanaojinyima kila kitu kwa ajili ya watoto wao, ilhali hawaamini kabisa kwamba yupo anayeweza kufanya jambo kwa faida ya wote. Alilaumiwa, na kwa haki, kwa kuupuuza uzito wa umaskini na historia ya umiliki wa ardhi. Lakini tabia aliyoiona ipo, na msomaji yeyote anaweza kumtaja jirani mwenye tabia hiyo.

Kuna jaribio la mwaka 2015 linalolionyesha jambo hili likiwa tupu, bila ukoo wala historia. Watu waliketi wawiliwawili. Wa kwanza anarusha dadu na kutangaza namba, kisha wa pili anarusha na kutangaza ya kwake. Namba zikilingana, wote wawili wanalipwa. Bahati ingeleta sare mara moja kati ya sita. Wao walitangaza sare karibu mara tano ya kiwango hicho, na walidanganya zaidi pale faida ilipogawanywa sawasawa. Watu wasiojuana, ndani ya dakika chache, walijenga undugu wa kuiba.

Basi cha kuuliza si kama watu wana undugu. Wanao. Uliza unaishia wapi.

6. Magenge ya wahalifu yana mshikamano kuliko sisi wengine. Hilo halivunji hoja yenu?

Linaithibitisha. Genge ni jibu la swali la 5 lililobeba silaha. Mwaka 1957 wanasosholojia Gresham Sykes na David Matza waliorodhesha visingizio vitano vinavyomwezesha kijana mhalifu kujiona mtu mzuri: si kosa langu, hakuna aliyeumia, aliyeumia alistahili, wanaonihukumu ni wabaya kuliko mimi, na nilifanya kwa ajili ya wenzangu. Vitatu vya katikati ni njia za kumfuta au kumpuuza mtu wa tatu. Cha mwisho ni undugu.

Inafaa kuvikariri visingizio hivyo, kisha usikilize hotuba ya kigogo yeyote aliyekamatwa.

7. Tofauti ya zawadi na rushwa ni ipi?

Jiulize maswali mawili. Ungeweza kuitoa mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni? Na yule anayepokea, ungempa hata kama asingekuwa na cheo hicho? Jibu likiwa hapana kwa lolote, hiyo si zawadi, hata ukiifunga kwa utepe. Kuiita chai au asante hakuibadilishi. Lugha imezunguka sana kwenye rushwa kwa sababu aibu ilikuwepo tangu mwanzo.

8. Nikiwa na cheo nikakataa kumsaidia ndugu yangu, si nitakuwa nimekosa utu?

Msaidie kwa chako. Mlipie ada, mwelekeze jinsi ya kuandika barua ya maombi, mpe nauli ya kwenda kwenye usaili. Usichoweza kumpa ni kitu cha mtu mwingine, na nafasi ya kazi ya umma ni ya mtu mwingine mpaka ipatikane kwa haki.

Hata hivyo, usidharau shinikizo. Anayemwambia mtumishi "kataa tu" hajawahi kukaa kwenye kikao cha ukoo akiwa yeye ndiye ajenda. Njia nzuri ni kumwondolea mtu huyo uwezo wa kusema ndiyo: usaili wa jopo, karatasi za mtihani zisizo na majina, afisa kujitoa pale ndugu anapoomba. Hapo anaweza kurudi nyumbani na kusema kwa ukweli kwamba halikuwa mikononi mwake. Utaratibu mzuri unamlinda mtumishi dhidi ya wanaompenda.

9. Duara la undugu linaweza kupanuliwa kweli, au ni maneno tu?

Linaweza, ila polepole, na huishia karibu kuliko tunavyotamani. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2020 ulifanyika Iraq, baada ya kundi la Dola ya Kiislamu kuwafukuza Wakristo makwao. Timu za soka za Wakristo hao ziliongezewa wachezaji kwa bahati nasibu. Baadhi zilipata Waislamu, nyingine Wakristo wenzao. Waliochanganyika walikuwa tayari zaidi kumpigia kura mchezaji Mwislamu apate tuzo, kujiandikisha timu ya mchanganyiko msimu uliofuata, na miezi sita baadaye walikuwa bado wakifanya mazoezi pamoja. Lakini nje ya uwanja, kwa Waislamu wasiowafahamu, mabadiliko yalikuwa hafifu.

Kwa hiyo kukutana kunajenga imani kwa wale uliokutana nao. Kufika kwa mgeni kabisa kunahitaji kitu kingine, na kwa kawaida kitu hicho ni taasisi inayomtendea kila mtu sawa (tazama swali la 13).

## Ushahidi

10. Kuna ushahidi kwamba mshikamano unapunguza uhalifu?

Upo, na kwa upande wa uhalifu wa mitaani ni mzuri. Mwaka 1997 Robert Sampson na wenzake walichapisha matokeo ya Chicago, walikohoji wakazi 8,782 katika maeneo 343. Hawakuuliza kama watu wanapendana. Waliuliza mambo ya chini kabisa: watoto wakitoroka shule na kuzurura, jirani atasema kitu? Wakichora ukutani? Mtu akipigwa mbele ya nyumba yako? Palipokuwa na majirani wanaoaminiana na walio tayari kuingilia, ukatili ulikuwa mdogo, hata baada ya kuhesabu umaskini wa eneo lenyewe.

Huo ni uhusiano tu, na mtu anaweza kusema kwamba penye amani ndipo watu huthubutu kuingilia. Hoja hiyo ni halali. Baadaye Patrick Sharkey na wenzake waliangalia miji 264 ya Marekani kwa zaidi ya miaka 20, wakijitahidi kutenganisha chanzo na matokeo. Kila asasi 10 za ziada kwa wakazi 100,000, zile za vijana, usafi wa mtaa na kuzuia ukatili, ziliendana na kupungua kwa mauaji kwa 9%. Na kule Philadelphia viwanja 541 vilivyotelekezwa viligawanywa kwa bahati nasibu, vingine vikasafishwa na kupandwa nyasi na miti, vingine vikaachwa. Kwenye mitaa maskini, ukatili wa bunduki ulipungua kwa 29% karibu na vilivyosafishwa. Jaribio hilo halipimi upendo moja kwa moja. Ninavyolisoma mimi, watu walianza kutoka nje na kukaa pale, na mahali panapokaliwa na watu pana macho.

11. Na kwa rushwa? Wananchi wakishirikishwa, wizi unapungua?

Hapa lazima tuwe wakweli zaidi, kwa sababu neno "ushirikishwaji" limekuwa likiuzwa kama dawa ya kila ugonjwa.

Nchini Indonesia, mchumi Benjamin Olken alifuatilia ujenzi wa barabara katika vijiji zaidi ya 600. Vijiji vingine viliambiwa kwamba wakaguzi wa serikali watakuja kwa hakika, vingine vikapewa mialiko mingi ya mikutano ya kuhojiana na viongozi. Kisha wahandisi wakachimba barabara na kupima kilichomo. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Uhakika wa ukaguzi ulipunguza fedha zinazopotea kwa pointi 8 za asilimia. Mikutano, kwa wastani, ilisaidia kidogo sana. Ilipunguza wizi wa mishahara ya vibarua, ambayo kila kibarua aliijua ya kwake, lakini si wizi wa mawe na kokoto. Kokoto ni za kila mtu, kwa hiyo si za mtu.

Uganda ilitoa picha nyingine. Kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipokea kwa wastani 13% tu ya ruzuku ya wanafunzi iliyotoka serikali kuu. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa. Kufikia 2001 zaidi ya 80% ilikuwa inafika. Kulikuwa na mageuzi mengine wakati huohuo, hivyo sifa zote haziendi kwa magazeti. Lakini angalia kilichobadilika: mzazi alijua namba. Mtu wa tatu, asiyekuwepo mezani, sasa akawa na takwimu mkononi.

12. Kuapa na kufundisha maadili kunasaidia?

Kunasaidia kidogo, na kuna ushahidi mbovu mwingi katika eneo hili. Mwaka 2012 ilichapishwa makala maarufu iliyodai kwamba mtu akitia sahihi ya uaminifu mwanzoni mwa fomu badala ya mwishoni, udanganyifu wake unapungua. Serikali na kampuni zikaanza kuhamisha mistari ya sahihi. Mwaka 2020 waandishi wenyewe walirudia jaribio wakakosa matokeo yale, na 2021 makala ikaondolewa rasmi baada ya kugundulika kwamba takwimu za sehemu yake moja zilikuwa za kughushi. Makala kuhusu uaminifu!

Kwa Kiswahili tuna kiapo kizuri kuliko vingi. Ahadi za mwanachama wa TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru wa Tanganyika, zilianza na "Binadamu wote ni ndugu zangu", na ya nne ikawa "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa". Aliyezipanga aliona uhusiano tunaouzungumzia hapa. Vizazi vilizikariri, na rushwa ikaendelea kuwepo. Ahadi inampa mtu lugha ya kukataa. Sababu ya kukataa siku ambayo hakuna anayemwona, haiwezi kumpa peke yake.

## Sheria, adhabu na aibu

13. Basi mnataka tufute polisi na magereza tubaki na upendo?

Hapana. Hadithi ya kutosha ni ya wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa mjini New York. Kwa kinga yao, waliweza kuegesha magari popote na kutolipa faini. Kati ya 1997 na 2002 walilimbikiza tiketi zaidi ya 150,000 zisizolipwa, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 18. Wachumi Raymond Fisman na Edward Miguel walipozichambua, waligundua kwamba wanaotoka nchi zenye rushwa kidogo hawakuvunja sheria hata pale walipoweza. Norway na Sweden hazikuwa na deni lolote. Kwa hiyo desturi ya mtu husafiri naye. Lakini Oktoba 2002 jiji lilipopata mamlaka ya kunyang'anya namba za magari, makosa yalipungua kwa karibu 98%, kwa watu walewale na dhamiri zilezile.

Sheria inayomgusa kila mtu nayo inajenga utu. Nikijua kwamba mkubwa atalipa faini kama mimi, naanza kuamini kwamba tumo chombo kimoja. Hong Kong ilipounda tume yake ya kupambana na rushwa mwaka 1974, iliipa idara tatu tangu mwanzo: ya kukamata, ya kurekebisha taratibu za ofisi, na ya kuzungumza na wananchi. Nchi nyingi ziliiga ya kwanza tu.

14. Haki rejeshi ni nini?

Ni utaratibu unaomketisha mkosaji na aliyemkosea, pamoja na watu wao, waulizane nini kilitokea, nani kaumia, na nini kifanyike. Mahakamani mwathirika huwa shahidi tu. Hapa anakuwa mwenye shauri.

Mfano unaotajwa sana ni wa Elmira, Kanada, mwaka 1974. Vijana wawili waliharibu mali 22 kwa usiku mmoja. Afisa wa uangalizi alimwomba hakimu awaagize wakagonge milango ya waliowaharibia, mmoja baada ya mwingine, wakiri na kupanga fidia. Hakimu akakubali. Mwaka 1989 New Zealand iliweka kwenye sheria vikao vya familia kwa watoto waliokosa, ikichota kwenye desturi za Wamaori.

Mapitio ya mwaka 2013 yalikusanya majaribio 10 ya vikao vya ana kwa ana. Kurudia makosa kulipungua kwa kiasi, si kwa muujiza, na waathirika waliridhika zaidi kuliko wa mahakamani.

15. Kwa hiyo mwathirika lazima asamehe?

Hapana, na anayemlazimisha anamdhulumu mara ya pili. Hata Tume ya Ukweli na Upatanisho ya Afrika Kusini, iliyosifiwa kwa ubuntu, yaani utu, haikuweka sharti la msamaha wa mwathirika wala majuto ya mkosaji. Sharti la mkosaji kupata kinga ya kutoshtakiwa lilikuwa kusema ukweli wote kuhusu kosa la kisiasa. Waliiomba kinga hiyo watu 7,112, wakapewa 849.

16. Kumwaibisha mla rushwa hadharani kunafaa? Na umati unaompiga mwizi, si mshikamano huo?

Umati ni watu wengi waliokubaliana kwamba mmoja si mtu. Ni kinyume cha kila kinachosemwa hapa, hata kama mwizi ni mwizi kweli, na mara nyingi si yeye.

Aibu yenyewe ni chombo halali. Mtaalamu wa masuala ya uhalifu John Braithwaite, mwaka 1989, alitofautisha aibu inayomtenga mtu moja kwa moja na ile inayolaani kitendo lakini inamwachia mlango wa kurudi. Ya kwanza humsukuma kwa wanaompokea, yaani wahalifu wenzake.

Bogotá ilipata namna yake ya kuchekesha. Antanas Mockus, aliyekuwa meya wa jiji hilo la Kolombia 1995 hadi 1997 na tena 2001 hadi 2003, aliweka waigizaji wasiosema barabarani ili wawacheke madereva na watembea kwa miguu wanaovunja sheria. Wananchi waligawiwa kadi 350,000 za kidole gumba, juu kwa kusifu na chini kwa kulaumu. Mwaka 2002 aliwaomba wakazi waongeze 10% ya kodi kwa hiari, na karibu familia 63,000 zikalipa. Nimelisoma hilo mara kadhaa na bado linanishangaza.

## Kwa vitendo, na hali zisizo za kawaida

17. Kila mtu anatoa hongo. Nikikataa peke yangu nitabadilisha nini?

Kidogo sana, na utaumia. Wanaokulaumu kwa kutoa mara nyingi hawana wanachosubiri kwenye foleni ile. Watafiti Anna Persson, Bo Rothstein na Jan Teorell walichapisha mwaka 2013 uchambuzi kuhusu Kenya na Uganda wakionyesha kwamba watu wanaichukia rushwa na wanajua ni mbaya. Wanashiriki kwa sababu wanaamini wengine wote watashiriki. Tatizo si ujinga wa maadili, ni kukosa imani kwamba mwenzako naye atakataa.

Kwa hiyo kataeni kwa pamoja, na kuonekane. Wazazi wote wa darasa, wakandarasi wote wa zabuni moja. Na tofautisha aliyelazimishwa kununua haki yake na aliyenunua nafasi ya mwingine. Mama mwenye mtoto mgonjwa anayetoa kitu kidogo ili aonwe na daktari ni mwathirika. Ukimweka sawa na anayenunua zabuni umekosa mizani.

18. Ni kweli kwamba watu wakiona uhalifu hawasaidii, hasa wakiwa wengi?

Imani hiyo ilienea baada ya mauaji ya Kitty Genovese, New York, 1964, yaliyodaiwa kutazamwa na watu 38 waliokaa kimya. Habari ile ilitiwa chumvi. Uchunguzi wa video za kamera za mitaani za Amsterdam, Cape Town na Lancaster, uliochapishwa 2019, ulikagua ugomvi 219. Katika 91% alikuwepo angalau mpita njia mmoja aliyeingilia, na walipokuwa wengi uwezekano wa mtu kusaidiwa uliongezeka. Shida ni kwamba tunaambiana kinyume, kisha tunaogopa.

19. Vipi utapeli wa mtandaoni, ambako mwizi na aliyeibiwa hawataonana kamwe?

Ni uhalifu unaofaa sana kwa mtu asiyetaka kuona. Mwathirika ni namba ya simu na salio. Lakini kuna jambo linalotatiza hadithi rahisi. Mwaka 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wapatao 120,000 nchini Myanmar na 100,000 nchini Kambodia walikuwa wameshikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni, wengi wakiwa wamevutwa na matangazo ya kazi. Anayekuandikia "habari mpenzi" saa nane usiku huenda amefungiwa mlango kwa nje.

Kwa anayefanya kwa hiari, mambo ya maana ni ya kiufundi: kuchelewesha miamala mikubwa, benki kuwajibika, laini za simu zenye mwenyewe halisi. Kumwambia awe na utu ni kupoteza pumzi.

20. Na watu wasio na huruma kabisa?

Wapo, wachache. Kwao hakuna kilichoandikwa hapa kinachofaa isipokuwa sheria na kuwanyima nafasi. Kosa ni kuzitengeneza taasisi zote kana kwamba kila mtu ni wao, au kana kwamba hakuna aliye wao.

21. Kumripoti mfanyakazi mwenzangu si usaliti?

Mwenzako atakuita msaliti, na kwa duara la watu waliomo ofisini atakuwa sahihi: umevunja undugu wao. Umeuvunja kwa ajili ya mtu ambaye hutamjua wala hatakushukuru. Ndiyo maana ni vigumu, na ndiyo maana wanaofanya hivyo huishia kula peke yao mchana.

Usifanye kwa hasira, wala usitangulie kumwambia bosi usiyejua amesimama upande gani. Kipengele cha 33 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa, uliopitishwa 2003, kinazitaka nchi wanachama zifikirie kumlinda anayetoa taarifa kwa nia njema, lakini ulinzi kwenye karatasi na ulinzi mlangoni kwako si kitu kimoja. Andika tarehe, kiasi na majina siku ileile unapoona. Weka nakala ya maandishi yako nje ya ofisi. Zungumza na mwanasheria kabla ya kuzungumza na mtu mwingine yeyote, na mweleze mapema mwenza wako nyumbani, kwa sababu simu ya kwanza ya vitisho anaweza kuipokea yeye.